Mwenye Kipaji Huwa wa Mwisho Kukijua

Kipaji, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni wepesi ambao mtu huwa nao katika jambo fulani kabla hajafundishwa jambo hilo, na ambao, pindi anapofundishwa, humfikisha mbali kuliko wengine waliopata mafunzo yale yale kwa muda ule ule. Fasili hii ina sehemu mbili, na ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa wengi wanapozungumzia vipaji huishia kwenye wepesi wa mwanzo, wakauita karama au majaliwa, kisha wasiulize kilichoufuata. Hata hivyo, kabla ya kuyafikia mafunzo kipo kizuizi kingine kisichozungumzwa ipasavyo, nacho ni kwamba mwenye kipaji mara nyingi huwa mtu wa mwisho kukijua. Jambo asilolitolea jasho huliona kuwa jepesi kwa watu wote, na kwa hiyo halihesabu miongoni mwa mali zake. Fahari yake huiweka katika yale yaliyomsumbua, ambayo huenda mwenzake angeyafanya vizuri zaidi kwa nusu ya taabu.

Mtoto anayesikia wimbo mara moja akaurudia bila kupotoka hadhani kwamba amefanya la ajabu, bali hushangaa tu kwamba ndugu zake wanakosea. Fundi wa magari anayeutambua ugonjwa wa injini kwa mlio wake kabla hajafungua hata skrubu moja huamini kwamba kila mwenye masikio husikia kile anachokisikia yeye. Ndiyo sababu ushauri uliozoeleka wa kumtaka kijana atulie, ajichunguze moyoni na kugundua kile alichojaliwa, ingawa hutolewa kwa nia njema, humwelekeza mahali ambapo huenda asione kitu. Dalili za kipaji huonekana upesi zaidi nje ya nafsi: katika kazi ambayo watu humwomba mtu aifanye tena na tena ingawa hana cheo wala cheti chake, katika shughuli anayoirudia bila malipo wala kuhimizwa, na zaidi ya hayo, katika udhia anaoupata anapoona jambo hilo likifanywa ovyo. Dalili hii ya mwisho inastahili uzito kuliko inavyopewa, kwa kuwa mtu asiyekuwa na sikio la muziki haumizwi na sauti iliyokosa tuni, na asiyekuwa na jicho la rangi hakereki na ukuta uliopakwa vibaya. Maumivu hayo huonyesha kwamba ndani ya mtu kipo kipimo ambacho hakuna aliyemfundisha.

Katika historia ya pwani ya Afrika Mashariki ni vigumu kupata mfano unaolieleza jambo hili vizuri kuliko maisha ya Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Zanzibar, mnamo mwaka 1880, wakati utumwa ulikuwa haujapigwa marufuku visiwani, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Kazi aliyorithi nyumbani ni ufinyanzi. Vyungu vilivyofinyangwa kijijini vilipaswa kupelekwa mjini kuuzwa, na muuzaji hakuwa na duka wala kibanda, hivyo alilazimika kuinadi bidhaa yake njiani kwa sauti. Inasimuliwa kwamba sauti ya binti huyu ilitangulia vyungu vyake, kwa kuwa watu waliisikia kutoka mbali na kumtambua kabla hawajamwona. Basi kipaji kilichokuja kumpa jina kilianza kazi yake ya kwanza kama chombo cha biashara, kikitumika kila siku mbele ya umma, bila mtu kukiita kipaji.

Hali hiyo inafundisha zaidi ya inavyodhaniwa, kwa sababu masimulizi mengi kuhusu vipaji hudhani kwamba karama isiyotumika hulala tu, kama mbegu iliyosahauliwa ghalani, ilhali ukweli wa maisha ya watu wengi ni kwamba karama yao iko kazini tayari, lakini imefunikwa na jina la kazi nyingine. Mwalimu mwenye karama ya usimulizi huitwa mwalimu wa jiografia ambaye wanafunzi wake hawasinzii. Mwanamke mwenye karama ya kupima na kulinganisha huitwa mshonaji ambaye nguo zake hazirudishwi. Anayetaka kujua alichojaliwa angefanya vema kuanza na kazi anayoifanya sasa, akachunguza ni sehemu gani ya kazi hiyo ambayo wateja, majirani au wenzake huifuata kwake hasa, ingawa ingepatikana karibu zaidi kwingineko.

Mnamo mwaka 1911 Siti alihamia mjini, na huko ndiko alikokutana na watu waliojua kutofautisha sauti kubwa na sauti yenye thamani. Taarabu wakati huo ilikuwa muziki wa jumba la Sultani na wa mabwana. Inahusishwa na enzi ya Sultan Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, na iliimbwa kwa Kiarabu, ikisindikizwa na udi, ambacho ni chombo cha nyuzi chenye tumbo la mviringo na shingo fupi, ganuni, chenye nyuzi nyingi zilizotandazwa juu ya ubao na kudonolewa kwa vidole, pamoja na fidla na ngoma ndogo. Kilabu cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa makao ya wajuzi wa muziki huo, na mmoja wa wanamuziki wake ndiye aliyemsikia mwanamke huyu wa shamba na kuamua kumfunza uimbaji, upigaji wa vyombo na matamshi ya Kiarabu. Mwanafunzi wake alikuwa na umri wa takriban miaka 30, hakuwa amesoma, na alitoka katika tabaka ambalo waungwana wa mji hawakulitazamia lolote.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mtu mwenye sauti ambayo mji mzima uliitambua alikubali kuanza upya kama asiyejua kitu, akajifunza kuitawala pumzi, akajifunza maqam, yaani mifumo ya ngazi za sauti ambayo muziki wa Kiarabu hujengwa juu yake, na akajifunza maneno ya lugha isiyokuwa yake hadi wenye lugha wakaridhika. Wapo wanaofikiri kwamba mafunzo huua karama ya asili, kwamba anayefundishwa sana hupoteza ule uhai wa mwanzo, na hofu hiyo si ya kupuuzwa kabisa, lakini kilichotokea Zanzibar kinaielekeza kwingine. Baada ya kuumiliki muziki wa jumba kwa masharti yake, Siti ndiye aliyeuhamishia katika Kiswahili na kuuleta katika mitaa ya Ng'ambo, akiimba juu ya mambo ya watu wa kawaida, yakiwemo maamuzi ya mahakama yaliyowaumiza wanyonge. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV, na sauti yake ikawa miongoni mwa sauti za kwanza za Afrika Mashariki kuuzwa katika santuri. Asingeweza kuubadilisha muziki ambao hakuujua kwanza, na ule uhuru wake wa baadaye, unaosifiwa hadi leo, ulitoka moja kwa moja katika utii wake wa miaka ya mwanzo.

Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na akili, wamelichunguza suala hili kwa njia zao. Francis Galton wa Uingereza, katika kitabu alichokitoa mwaka 1869, alishikilia kwamba uwezo mkubwa hurithiwa kwa damu, na mawazo yake yalitumiwa baadaye kuhalalisha dharau nyingi dhidi ya watu maskini na watu wa mataifa mengine. Karne moja na zaidi baadaye, mwaka 1993, K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa fidla wa chuo cha muziki mjini Berlin, wakaonyesha kwamba waliokuwa bora zaidi ndio waliokuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za kile walichokiita mazoezi ya makusudi. Maana ya istilahi hiyo ni mazoezi yanayolenga udhaifu mahususi, kwa kuongozwa na mwalimu anayesahihisha, na si kurudia yale ambayo mwanafunzi ameshayaweza na kuyafurahia. Wafuasi wengine wa Ericsson wamevuka mpaka kwa kudai kwamba saa za mazoezi ni kila kitu na kwamba karama haipo, dai ambalo mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha watoto 40 wimbo mmoja atalikataa. Lakini hoja ya msingi inabaki, kwamba wepesi wa mwanzo usiokutana na mwalimu hukwama pale pale ulipoanzia.

Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago naye, katika kitabu cha mwaka 1985, aliwachunguza watu 120 waliofika kileleni katika fani kama piano, uchongaji, kuogelea, tenisi na hisabati. Kinachogusa zaidi katika matokeo yake ni kwamba wengi wao hawakuonekana wa ajabu utotoni, na kwamba walimu wao wa kwanza kwa kawaida hawakuwa mabingwa wa fani bali watu wapole waliomfanya mtoto alipende jambo hilo. Ukali wa mbinu ulifuata katika hatua ya pili, na ubingwa wa mwalimu katika hatua ya tatu. Mzazi anayemkabidhi mtoto wa miaka 6 kwa kocha mkali, akiamini kwamba ukali ndio dalili ya umakini, huenda anaibomoa hatua ya kwanza ambayo hatua nyingine zote huiegemea.

Mwalimu, hata hivyo, si lazima awe mtu mmoja aliyekaa mbele ya mwanafunzi wake, na ushahidi wa jambo hili ni ushairi wa Kiswahili wenyewe. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962, na ambaye ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akianzia katika idara ya forodha na kuhamishwa kutoka kituo hadi kituo, na ndani ya maisha hayo aliandika vitabu zaidi ya 20. Mashairi yake yalitokea katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1923, ambalo lilitenga nafasi kwa malenga wa pande mbalimbali za nchi. Ukurasa wa namna hiyo ulikuwa chuo kisichokuwa na majengo. Shairi la kimapokeo lina sheria zinazoonekana kwa macho ya kila msomaji: vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, na mizani, yaani hesabu ya silabi katika kila mshororo, ambayo kwa tarbia ya kawaida, yaani shairi la mishororo minne katika kila ubeti, huwa 16, nane kila upande. Aliyekosea mizani alionekana na wote, na desturi ya kujibizana, ambapo shairi la mmoja hujibiwa na mwingine kwa muundo ule ule, ilimlazimu mtunzi kupimwa na wenzake tena na tena. Karani aliyekaa mbali na mji mkuu aliweza hivyo kupata wasahihishaji wengi kuliko ambao chuo kimoja kingempa.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo kipaji huwa na mwendo wake, na kazi ya mlezi ni kuutambua mwendo huo asiuvunje. Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania aliyezaliwa mwaka 1953 Karatu, alikimbia kinyume na hekima iliyokubalika katika mbio za kati, ambayo humtaka mkimbiaji ajifiche nyuma ya mwenzake, aepuke upepo, kisha achomoke katika mita za mwisho. Yeye alitangulia tangu mwanzo. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, alishika uongozi wa mbio za mita 1,500 mapema, akaulinda hadi mwisho, na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16, huku John Walker aliyemfuata akiwa naye amepita chini ya rekodi ya zamani. Ingekuwa rahisi kumrekebisha kijana huyo hadi akafanana na wengine, na pengine angeshinda mbio kadhaa kwa njia hiyo, lakini mbio za Christchurch zisingekuwepo. Kutenganisha kosa linalostahili kusahihishwa na tabia inayostahili kuachwa ikue ni kazi ngumu kuliko zote za mlezi, na hakuna kanuni inayoifanya iwe nyepesi; mwalimu huijua kwa kumtazama mwanafunzi wake kwa muda mrefu, pasipo haraka ya kumlinganisha.

Kipo pia kisingizio cha kukosa vifaa, na maisha ya mchoraji Edward Saidi Tingatinga yanakijibu. Mzaliwa huyo wa Tunduru alianza kuchora kwa bidii mnamo mwaka 1968, akiwa na umri wa takriban miaka 36, baada ya kupitia mashamba ya mkonge ya Tanga na kazi mbalimbali za kipato kidogo Dar es Salaam. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, kwa hiyo alitumia vipande vya mraba vya ubao wa dari na rangi ya mafuta ya baiskeli, na picha zake za wanyama na ndege zikauzwa nje ya Morogoro Stores huko Oysterbay. Vifaa hivyo vya kimaskini viliacha alama katika sanaa yenyewe, kwa sababu mng'ao wa rangi zake, mistari yake iliyo wazi na usuli wake mtupu vinapatana kabisa na tabia ya rangi ile inayokauka kwa kung'aa juu ya ubao mgumu. Kama angengojea hadi apate vifaa vinavyostahili, angeuawa kabla hajaanza, kwani mwaka 1972 Tingatinga alifariki kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayetoroka, na uchoraji wake wote ulikuwa umechukua takriban miaka minne tu. Katika muda huo mfupi alikuwa amekwisha kuwaweka ndugu na jamaa karibu naye wajifunze kwa kumtazama, nao ndio walioendeleza mtindo huo hadi kuunda chama chao cha ushirika mwaka 1990. Inafaa pia kusemwa wazi kwamba soko la watalii lililowalisha wachoraji wengi limewafunga baadhi yao, kwa kuwa picha inayonunuliwa upesi humshawishi mchoraji airudie, na kurudia kusikokuwa na usahihishaji ni kinyume cha mazoezi ya makusudi yaliyoelezwa hapo juu. Wapo waliovuka kizingiti hicho na kupata mkono wao wenyewe, na hao ndio wanaostahili kutazamwa na vijana.

Shule ndiyo taasisi ambayo kila mtoto huipitia, na kwa hiyo ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kutambua, lakini mtihani wa mwisho hupima yale yanayoandikika kwenye karatasi ndani ya saa mbili au tatu. Nchini Tanzania mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari yamewaibua wanamichezo wengi, na nchini Kenya mtaala wa umilisi, uliochukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4, umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu sambamba na mikondo ya sayansi na ya jamii. Hizo ni hatua za kushukuriwa. Hata hivyo, mkondo ulioandikwa katika mtaala hauna maana katika shule isiyokuwa na mwalimu wa muziki wala ganuni, na mtoto wa kijijini anabaki akitegemea bahati ile ile aliyoitegemea Siti, ya kupita karibu na mtu mwenye sikio.

Jambo moja linalounganisha Siti na Tingatinga, na ambalo mtu mzima anayejiona amechelewa angepaswa kulizingatia, ni umri. Mmoja alianza masomo yake akiwa na miaka takriban 30 na kurekodiwa alipokaribia 50. Mwingine alishika brashi alipokwisha kupita 35. Wote wawili walikuwa na mzigo wa kujitafutia riziki, na Siti alibeba zaidi ya hapo, kwa kuwa mwanamke aliyeimba hadharani alivumilia maneno kuhusu sura yake, asili yake na heshima yake. Leo milango imeongezeka: chuo cha sanaa cha Bagamoyo kimekuwapo tangu mwaka 1981, na mjini Zanzibar, tangu mwaka 2002, Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi hufundisha udi, ganuni na fidla kwa vijana na watu wazima, wake kwa waume. Mwenye sauti anayeuza samaki Malindi au Forodhani anaweza kuufikia mlango huo kwa miguu. Kinachokosekana ni yule mtu wa kwanza wa kumwambia, naye asimpe sifa za jumla zinazomwagwa harusini na kusahauliwa kesho yake, bali amweleze kwa maneno mahususi kile alichokisikia, ni katika sauti ipi, ni wapi pumzi ilimwishia, na ni nani anayeweza kumfundisha. Na jukumu hilo liko mikononi mwa kila mteja, jirani, mwalimu na mzazi anayesikia jambo ambalo mwenyewe hawezi kulisikia.